Chuma Kilichopima Kiwanja Chetu

Shule niliacha darasa la tatu, lakini udongo naujua. Miaka mingi nilichimba misingi ya nyumba kule Kitale, mtaa wa Matisi. Napiga mtaimbo chini, ukilia nasema hapa ni pagumu, jengeni. Siku hizo nilikunywa pombe pia, sitaficha. Nyumba moja niliyoikubali ilipasuka ukuta kabla ya mwaka kuisha. Mwenyewe hakunitukana. Aliingiza vidole kwenye ufa, akanitazama tu.

Kwa hivyo nilipoamua kumjengea mke wangu nyumba ya matofali hapa kwetu Matulo, niliapa hii haitapasuka. Tangu nimwoe anakaa nyumba ya udongo, na kila Krismasi huikandika upya kwa mikono yake. Sasa magoti yamekataa. Kiwanja alichagua mwenyewe, karibu na njia, aone watu wakienda kanisani.

Binti yetu ni injinia Kitale. Namwita mama, maana ana jina la mama yangu. Alikuja na fimbo ya chuma yenye ncha kama penseli, na juu yake saa ya kuonyesha udongo unaikataa kwa nguvu gani. Tukaisukuma polepole. Ilikataa hapo juu, nikafurahi. Lakini kabla hatujatoboa, mshale ukaanza kushuka.

"Pagumu ni pembamba, baba," akasema. "Fimbo inasikia ulaini wa chini kabla haijaufikia."

Nikamwambia chuma hakina masikio. Akacheka, akafungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akachora udongo tabaka juu ya tabaka, kila moja na ugumu wake, halafu akasukuma fimbo ya uongo ndani ya picha. Mstari wa picha ukakataa kufanana na mstari wa vipimo vyetu vya kweli. Akabadilisha tabaka, akasukuma tena. Chai ilipoa. Mwishowe mistari ikalaliana: juu ugumu wa kufika gotini, chini yake ulaini kupita kimo cha mtu.

"Baba, hapa kulikuwa na nini?"

Niseme ukweli, nilikumbuka mshale ulipoanza kushuka, nikanyamaza. Kabla sijaoa nilichimba pale udongo wa kufyatulia matofali. Shimo nililijaza majani ya miwa na matope, juu nikashindilia vipande vya matofali yaliyovunjika ili ng'ombe wasizame. Mke wangu hakujua, na wiki nzima alikuwa anapima kwa hatua mlango utakaa wapi. Lakini nilikuwa nimeuona ule ufa wa Matisi. Nikawaambia yote.

"Na ulikuwa unaniangalia tu nikipima," mke wangu akasema.

Binti akashauri tusogeze nyumba nyuma, kwenye mahindi. Mama yake akatazama njiani. Nikasema nyumba haisogei. Nitatoa uchafu wote mpaka udongo mgumu, nijaze maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kidogo kidogo nikishindilia, na kila tabaka binti apime na fimbo yake.

"Ukifia humo nitakufukia humo humo," mke wangu akasema. "Sichimbi lingine."

Leo nimefika kifuani. Majani ya miwa yameoza yakawa meusi, yananuka kama zizi. Mke wangu amekaa juu ukingoni na kiti chake, anavuta karai la uchafu kwa kamba.