Fremu ya Bibi Severina

Babu Zefania Mughwai alipiga picha Iguguno kwa miaka thelathini na minne, na siku tuliyomzika hatukuwa na picha yake ya kubeba mbele ya jeneza.

Karibu kila nyumba pale ilikuwa na kazi ya mkono wake ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa hakai mbele ya kamera. Hata simu zilipoingia na kila kijana akawa mpiga picha, alishusha kofia yake au akageuka kutazama alizeti. Ilibaki ile ya kitambulisho tu, ndogo kama ukucha. Tuliipeleka Singida mjini ikakuzwa, ikatoka kama mtu anayechungulia kutoka kwenye ukungu. Bibi Severina, mke wake, aliitazama mara moja.

"Huyu simjui," alisema, akajifunika kanga usoni.

Mimi ni mtoto wa binti yao. Nilimaliza shahada ya kompyuta Dodoma mwaka juzi, na ajira bado naisikia redioni. Siku ya tatu baada ya maziko bibi aliniita chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Babu alikuwa na utaratibu wake: kila picha aliisafisha nakala mbili, moja ya mteja, moja ya sanduku. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Negativu, zile filamu za kusafishia, zilishaozeshwa na mvua miaka mingi nyuma.

"Nataka nimwone humu ndani, Noel," bibi aliniambia. "Wewe umesoma. Tafuta namna."

Nilidhani anataka kuiona kazi ya babu. Sikumuuliza.

Nilikuwa na kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ukubwa wa pakiti ya karata, niliyobaki nayo kutoka kwenye mradi wa chuo. Kioo nilikitoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa. Damiani fundi seremala alinichongea fremu ya mninga na akakataa asante yangu, akisema babu ndiye aliyempiga picha ya harusi. Nilizipiga picha zote kwa simu, moja moja, mezani karibu na dirisha. Kisha nikaandika mipangilio: kompyuta ikiwashwa, picha zianze zenyewe bila mtu kubonyeza chochote, kila moja ikae dakika nzima, kwa sababu macho ya bibi ni mazito, na usiku kioo kizime chenyewe.

Tatizo likawa umbo. Picha za babu zilikuwa za kusimama, kioo kilikuwa cha kulala. Kila picha iliacha weusi mpana kushoto na kulia, na mimi niliuona ule weusi kama uchafu. Nikaandika programu fupi ya kuzikata zote zijaze kioo. Niliiagiza ilinde nyuso na ikate chini, maana chini kulikuwa na vumbi na miguu tu. Memori kadi, ile niliyoihamisha kutoka kwenye simu, ilikuwa ndogo, kwa hiyo picha zilizokatwa nikazihifadhi juu ya zile nzima, zikafutika. Kazi ya dakika nne. Nilifurahi sana.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu walipokuwa wakigawana nguo za marehemu, nilisimama nikaomba nafasi. Nilisema nyuso za wazee wetu zimefungiwa kwenye makabati ya makumbusho ya watu wa mbali, zingine hazina hata majina, na kwamba sisi tusiwafanyie hivyo majirani zetu. Picha ya mtu ni ya mtu. Kila aliyepigwa, au mtoto wake, aje achukue ya kwake. Nilikuwa naamini kila neno, na bado naamini. Watu walipiga makofi. Bibi alinivuta shati.

"Zote?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia zote, zimo kwenye mashine, hazipotei tena. Akaliachia shati langu. Ndiye aliyekuwa amesema mimi nimesoma.

Kufikia Jumapili jioni, baada ya ibada, sanduku lilikuwa tupu.

Jumatatu nikaitundika fremu sebuleni. Nyuso zilijaa kioo, safi kuliko zilivyokuwa kwenye karatasi. Bibi alisogeza kigoda karibu kabisa. Alinitajia huyu ni nani, yule ameolewa wapi. Lakini nikaona kwamba kila picha ikija, macho yake yanashuka chini ya fremu, yanatafuta, yanabaki pale mpaka picha ibadilike. Ya tano, ya sita. Alipitisha hata kidole kwenye ubao wa chini, kama mtu anayetaka kuuinua.

"Umemkata," alisema.

"Nani, bibi?"

"Babu yako. Na mimi."

Nilikaa chini. Akanieleza taratibu, bila kunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Babu alipiga picha jioni tu, watu wakishatoka shambani na kuoga, jua likiwa mgongoni kwake. Kivuli chake kililala chini kikafika mpaka miguuni mwa wateja: kofia, na viwiko viwili vimenyanyuliwa kushika kamera. Wapiga picha wa mjini walimcheka, wakasema hajui kazi. Yeye akaacha kukikwepa. Na ubavuni kwake kulikuwa na kivuli kingine, kifupi, cha kichwa kilichofungwa kitambaa.

"Watoto walikuwa wanaogopa kamera," alisema bibi. "Kazi yangu ilikuwa kuwachekesha. Nilisimama pale miaka yote."

Nami nilikuwa nimeviona vile vivuli, picha baada ya picha, mezani, chini ya mikono yangu. Niliviona nikaviita vumbi.

Nilizunguka wiki mbili kwa baiskeli. Wengine walishazikata kwa mkasi ziingie kwenye fremu za duka. Janeth, jirani wa bibi, alikata ya mama yake umbo la yai, akaibandika kwenye kadi, akanionyesha kwa fahari. Niliisifu, nikapanda baiskeli. Zingine zilishasafirishwa Mwanza na Dar es Salaam kwa basi, kwa watoto wa wenyewe, na waliopokea simu yangu walisema nao wameshazikata. Zilizopatikana nzima zilikuwa tisa. Katika nane, mawingu yalikuwa yamefunika jua, ardhi ilikuwa tupu.

Ya tisa ilikuwa Mandewa, kule Singida mjini, nyumbani kwa Jenipher, aliyepigwa picha pamoja na wanawe watatu akiwa bado anaishi Iguguno. Alikuwa ameilaza chini ya kioo cha meza, na maji ya chai yalishapenya ikagandia. Tulijaribu kona moja, rangi ikaanza kubanduka, nikamwomba tuache. Nikaipiga humo humo ndani ya kioo. Mng'ao wa dirisha ukaangukia upande wa kofia, na kila upande niliosimama haukuondoka.

Niliiweka kwenye fremu jioni ile, nzima, na weusi wake kushoto na kulia. Watoto watatu wanacheka, wanamtazama mtu ambaye hayupo kwenye picha. Chini yao, kwenye vumbi, viwiko viwili, nusu ya kofia, na kile kivuli kifupi cha kichwa chenye kitambaa, kimeegemea ubavuni.

Bibi alitazama mpaka dakika ikaisha. Picha ilipobadilika aliinua mkono kama anayemzuia mtu mlangoni.

"Inaweza kusimama hapo?"

Nilifungua faili la mipangilio, nikafuta majina ya picha zote, nikabakisha moja.

Sasa inakaa hivyo tangu asubuhi mpaka kioo kizime usiku. Umeme ukikatika, bibi hukaa mbele ya kioo cheusi mpaka urudi. Wageni wakiingia humuuliza yule mama na watoto ni akina nani wake.

"Ni wateja," huwajibu, kisha huwakaribisha viti.