Mahindi Kwenye Mdomo wa Bomba

Kwa mama yangu, jiko lisilofuka moshi ni jiko la njaa au la nyumba iliyohamwa. Hakuna la tatu. Ndiyo maana siku fundi alipomaliza kufunga mashine ya kunyonya moshi juu ya jiko langu la gesi, hapa mtaani Chemchem, akaiwasha ikaanza kunguruma, mama alisimama mlangoni ameshika kiuno akauliza, "Sasa watu watajuaje kama tunapika?"

"Harufu itawaambia, bibi," fundi alimjibu.

"Harufu si salamu," alisema mama, akarudi kukaa.

Majirani walidhani nimeingiwa na ufahari. Jirani mmoja aliniuliza kama sasa nitafungua hoteli. Mimi si mtu wa ufahari, wala si mtu wa subira, kwa hiyo nilimjibu vibaya na hatukusalimiana kwa muda. Mashine ile niliinunua kwa sababu ya kifua cha mama, basi. Maisha yake yote alipika kwa kuni kule Usoke, na kila msimu wa tumbaku alichochea moto wa bani, lile banda la kukaushia majani, akimeza moshi kama wengine wanavyomeza uji. Alipofika mahali hawezi kwenda kisimani bila kuketi njiani, nilimleta hospitali ya mjini. Daktari hakuzunguka. Alisema moshi sasa mwisho, si kupunguza, ni mwisho. Akiurudia, tujiandae.

Mama alikubali kukaa kwangu kwa sharti moja tu: mvua za kwanza zikidondoka, anarudi kupanda. Nilimwambia sawa. Moyoni niliapa kwamba nitampa jiko zuri, kitanda kizuri na televisheni, mpaka mvua zipite asizikumbuke. Mtoto akililia wembe, mpe; lakini huyu hakuwa mtoto, alikuwa mama yangu, na wembe wenyewe ungemuua.

Alikuja na kanga zake, rozari, na kifurushi cha mahindi ya mbegu. Yalikuwa magunzi mazima, bado na punje zake, maganda yamefunuliwa nyuma na kufungwa mawili mawili, meusi kwa masizi kama yaliyotolewa motoni. Hii si mbegu ya dukani. Ni mahindi mafupi, punje nyekundu na nyeupe zimechanganyika, na kwao wanasimulia kwamba babu mmoja wa zamani, aliyekuwa mpagazi kwenye misafara ya pwani, alirudi nayo ikiwa imefundikwa kwenye pindo la nguo yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mama aliipokea kwa mama yake, na mama yake vivyo hivyo, na kila mwaka magunzi bora yalitundikwa juu ya mafiga, moshi uyapake, dumuzi wasiyaguse. Mbegu isiyokaa moshini, kwa mama, ni chakula cha wadudu kilichochelewa kuliwa.

Nyumbani kwangu hapakuwa na mafiga. Aliyaweka magunzi yake chini ya kitanda na kila asubuhi aliyatoa kuyakagua. Nilimwona mara nyingi akiyapuliza na kuyageuza, kisha akiniuliza kama wingu limeonekana upande wa Urambo.

Kufunga mashine kwenyewe kulikuwa vita. Dukani walitaka kuniuzia aina isiyohitaji bomba, ile inayochuja hewa na kuirudisha humo humo jikoni. Nilikataa. Nilitaka kila kilicho kibaya kitoke nje kabisa. Fundi akatoboa ukuta wa nyuma, tofali za kuchoma zikatoa vumbi jekundu likatua kwenye unga wangu, kwenye chumvi, kwenye kope zangu. Alivuta bomba la bati laini kutoka kwenye mashine hadi kwenye tundu, na kwa nje akafunga kifuniko chenye vibao vyepesi vinavyofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikikatika. Nilimfanya ashushe mashine yote na kuipandisha upya kwa sababu ilikuwa imeinama upande. Alinuna, lakini aliipandisha. Kisha nikamshika mama mkono nikamweka chini yake. Nilikaanga vitunguu makusudi, nikawasha.

"Unaona? Inanyonya moshi wote, inautoa nje kwa lile bomba."

Mama alitazama juu. "Unatokea wapi?"

"Nyuma, upande wa shimo la choo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari nzuri. Mimi nilifurahi. Nilidhani amekubali kukaa.

Na kweli ilionekana amekubali. Akalichukua jiko likawa lake. Alikaanga migebuka ya Kigoma, samaki ambao zamani harufu yao ingelala ndani ya mapazia wiki nzima, na nyumba ikabaki inanuka nyumba. Alipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Jumamosi tulifanya usafi wa mashine pamoja. Chujio lake ni wavu wa bati wenye matabaka, hushika mafuta. Unalichomoa, unaliloweka kwenye maji ya moto na sabuni, unalisugua taratibu kwa brashi laini. Mara ya kwanza mama alinitangulia akalisugua kwa majivu na mchanga aliouomba kwa jirani, kama sufuria, likapauka na kuchubuka. Nilipiga kelele. Aliniambia nisimpigie kelele, chombo kisichovumilia majivu si chombo. Tulicheka baadaye, na chujio liliendelea kufanya kazi hivyo hivyo na makovu yake.

Kikohozi kilipungua. Alianza kwenda misa ya kwanza kwa miguu. Nilimsikia akiimba wakati wa kuosha vyombo, sauti ikifika mwisho wa wimbo bila kukatika, na nikasema asante Mungu, mashine hii ni dawa.

Kisha mashine ikaanza kuugua. Ilinguruma kwa nguvu kuliko kawaida lakini mvuke ulibaki umetanda jikoni. Matone ya mafuta yalidondoka kutoka kwenye ukingo wake, mara juu ya mfuniko wa sufuria, mara juu ya kichwa changu. Niliosha chujio, wapi. Nikaosha tena na magadi soda. Wapi. Nikamtukana fundi akiwa hayupo, nikampigia simu akiwa kazini kwingine, nikamtukana kidogo zaidi. Alikuja jioni, akafungua, akatazama feni.

"Mashine nzima hii, dada," alisema. "Inakosa pa kutolea tu. Labda ndege amejenga nje."

Tulizunguka nyuma. Pale kati ya ukuta wangu na uzio wa jirani hakuna anayepita, pana shimo la choo na vipande vya mabati. Fundi alisimama. Nikatazama juu.

Mahindi ya mama, niliyodhani bado yako chini ya kitanda, yalikuwa pale. Alikuwa ametoa vile vibao vya kifuniko, akafunga kamba kwenye skrubu, na kuyatundika magunzi yote kwenye mdomo wa bomba, moja juu ya jingine, yamebanana vizuri ili kila moja lipate. Kazi safi, mafundo ya mtu aliyetundika mbegu miaka yote. Maganda yalikuwa yamelowa na kung'aa mafuta. Kati ya punje, ukungu wa kijani ulikuwa umeota kama manyoya.

Mama alitufuata akiwa na mwiko mkononi. Alituona, akaona nilichokuwa nakitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa ametundika mbegu mahali panapotoka moshi. Nani huomba ruhusa kwa hilo?

"Yashike vizuri, yasidondoke," alimwambia fundi.

"Mama," nilisema, "yameoza."

"Hayawezi kuoza. Yako moshini."

"Hakuna moshi, mama. Tunapika kwa gesi. Gesi haina moshi. Kinachotoka pale ni mvuke na mafuta."

Alinitazama. Nilitamani anigombeze, maana ugomvi ninaujua. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Wewe si ulisema inanyonya moshi ikautoa nje?"

Ndivyo nilivyosema. Ndivyo kila mtu anavyosema, hata boksi lilichorwa moshi. Fundi alijifanya anatafuta bisibisi.

Alikataa tuyaguse. Alipanda kwenye stuli akayafungua mwenyewe, fundo kwa fundo, akayapakata kwenye kanga. Siku ile ile alichambua punje zilizoonekana nzima, akazifunika kwa kitambaa kibichi kwenye sahani, akaiweka dirishani. Kila asubuhi alifunua. Mahindi yenye uhai hutoa kijimkia cheupe upesi. Haya yalivimba, yakatoa ute, yakanuka. Aliendelea kufunua hata baada ya harufu kujaa chumba, mpaka nikamwambia mama, inatosha, na yeye akasema ndiyo, akamwaga sahani mwenyewe kwenye shimo la taka.

Nilipanda gari nikaenda Usoke. Nilisema moyoni, mbegu ya ukoo haiwezi kuwa kwa mtu mmoja, lazima kuna aliyegawiwa. Nilianzia kwa mama mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa. Alinikaribisha, akanipa karanga, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha mfuko wa mbegu ya dukani uliopakwa dawa ya rangi ya waridi. "Sisi tuliacha zamani, mwanangu. Ile inazaa kidogo. Dada ndiye alikuwa mbishi." Aliniongoza kwa majirani. Kote walimkumbuka mama na ugali wa mahindi yake, wakausifia kama watu wanavyomsifia marehemu, na hakuna aliyekuwa na hata punje. Dari la jiko la mama lilikuwa tupu. Aliyachukua yote alipokuja kwangu, asiyaache peke yake.

Nilirudi na mfuko wa dukani. Nifanye nini kingine? Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Aliupokea, akasema, "Ahsante, mama," akauweka juu ya friji pale tunapoweka risiti na betri zilizokwisha. Padri alipotangaza Jumapili ya kubariki mbegu, watu wakaenda na vikapu na mifuko yao. Mama alivaa, akafika kanisani, akakaa kwenye benchi mikono mapajani. Wenzake walipotoka kwenda mbele, alijisogeza pembeni awapishe.

Mvua zilikuja. Zilikuja vizuri mwaka huu, kwa dharau kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita: hoja zangu, maneno ya daktari, hata machozi kama yangehitajika. Asubuhi ya mvua ya kwanza nilimkuta ameketi kitandani, dirisha limefungwa. Hakutaja safari. Nilisubiri aitaje. Nilikaa mlangoni na vita yangu yote mkononi na hakuna aliyekuja kupigana.

Nilipompeleka kupimwa, daktari alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Akatabasamu.

"Bibi, kifua kimefunguka. Hongera. Huko unakokaa hakuna moshi?"

"Hakuna," alisema mama.

"Safi sana. Ukiendelea hivi, una miaka mingi mbele."

Mama alikuwa anafunga vifungo vya gauni. "Nifanye nini nayo?" aliuliza, si kwa uchungu, aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa dawa inanywewaje. Daktari alicheka, akidhani ni utani wa wazee, akaandika tarehe ya kurudi.

Siku hizi napika mwenyewe. Fundi alifunga vibao vipya, mashine inavuta hata karatasi, na Jumamosi naosha chujio peke yangu. Mama anakula nikimwekea. Analala sana. Usiku na mchana nikipita mlangoni kwake nasimama nisikilize, na ninamsikia anapumua, pumzi ndefu, safi, bila kukwama popote. Ndicho nilichokiomba. Nimepewa.