Kitako cha Bunduki ya Mzee Gaspari

Mi ni seremala hapa mtaa wa Jabe. Juzi nilijiaibisha, na heri niseme mwenyewe kabla majirani hawajaongeza chumvi.

Mzee Gaspari, mwindaji mwenye ruhusa yake, aliniletea bunduki ya zamani ya jeshi. Alitaka nitoe mbao zake nzito, nimchongee kitako kipya cha kuwindia, chenye kivimbe cha kulaza shavu.

Bunduki ya namna ile ndiyo aliyokuja nayo Salvatori, jirani yetu wa wakati ule, wakati wa vita akamuua kaka yangu mlangoni kwetu. Ninamtaja bila kuogopa. Leo anakaa mtaa wa Gasenyi, anakunywa bia yake kwa raha. Lakini kazi ni kazi, nikajigamba: "Kwangu huu ni ubao tu!"

Mzee akaiinua bunduki begani, bila risasi, akalenga ukuta. "Tazama ninavyoishika."

"Nimeona, mzee wangu."

Nikachonga kwa kipimo cha bega langu mwenyewe, nikapiga msasa na mafuta hadi kikang'aa. Siku ya kuichukua nikaita majirani waje kuona ufundi.

Mzee akaiweka kwenye bega la kushoto. Shavu likakosa pa kulala. Kivimbe kilikuwa upande wa pili.

"Fundi, mi natumia kushoto. Si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha, mzee."

"Sasa ulikuwa unaangalia wapi?"

Kabla sijapata uongo, Mama Zaina, muuza samaki wa mlango wa pili aliyetuona siku ile, akanijibia mbele ya wote:

"Mzee, siku ile we ulifumba jicho moja. Fundi wako alifumba yote mawili!"