Mama Plasta na Eneo la Mlango Mmoja

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni plasta. Kila waya katika chumba cha mitambo cha zahanati yetu ulikuwa umefungwa kipande cha plasta ya vidonda, na juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, ameandika unakotoka na unakokwenda. Wauguzi walimwita Mama Plasta. Walidai ndiye anayewamalizia plasta za wagonjwa, naye aliwajibu kwamba nyaya zake hazipigi kelele zinapobanduliwa.

Mimi, msaidizi wake mpya wa ufundi, nilikuwa nimetoka chuoni na maneno mengi. Wiki ya kwanza nilimuuliza kwa nini ruta yetu, mashine inayoelekeza taarifa njia ya kupita, ina orodha fupi ya njia ilhali ile ya makao makuu ina mamia. Akanieleza kwamba yetu ni ya zamani, kumbukumbu yake ni ndogo, na ukiijaza njia zote za nje itaelemewa. Kwa hiyo miaka sita iliyopita aliifanya zahanati kuwa eneo la mlango mmoja. Njia za nje haziingii humu. Ruta ya mpakani, iliyoko makao makuu, inatupa agizo moja tu: chochote msichojua pa kukipeleka, nileteeni mimi.

"Mtoto hana haja ya kujua barabara zote," alisema. "Aujue mlango tu. Ila mlango uwe mwaminifu."

Sharti ni kwamba ruta za pande zote mbili zikubaliane. Upande mmoja ukibadili mpangilio na mwingine usibadili, zinakataana, hazitambuani tena kama majirani, na eneo zima linakatika.

Fundi aliyesimamia ruta ya mpakani alikuwa shemeji yake Mama Plasta, mdogo wa mume wake. Mama Plasta ndiye aliyemfundisha kazi kwa miezi minane, ruta mbili kuukuu zikiwa juu ya meza ya chakula na sahani zimehamia mapajani. Ndiye pia aliyempeleka kwenye usaili.

Alhamisi moja asubuhi mafaili ya wagonjwa yaligoma kufunguka kwenye kompyuta. Foleni ikafika getini. Mama Plasta alikagua nyaya zote, kisha akasoma kumbukumbu za ruta, matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe: jirani amepotea saa mbili na dakika kumi na mbili, mipangilio haiafikiani. Upande wetu haukuwa umeguswa kwa miezi kumi na minne. Alimpigia shemeji yake mara saba, hakupokea. Saa tano mawasiliano yakarudi, bila neno.

Kesho yake ikaja barua kutoka makao makuu. Tawi, yaani zahanati yetu, limebadili mipangilio bila idhini, fundi wake asiguse mitambo hadi kamati ikae, na ombi lake la kuwa fundi mkuu limesimamishwa. Taarifa iliyoambatishwa ilikuwa na sahihi ya shemeji.

Nilikuwepo shemeji huyo alipopiga simu hatimaye.

"Shemeji, ningefanyaje? Wewe una jina, watakusamehe. Mimi bado niko kwenye majaribio."

"Hilo jina ndilo uliloliuza," akamwambia, akakata.

Nikasema kwa hasira kwamba shukrani ya punda ni mateke. Akanijibu kuwa punda hajawahi kula mezani kwake.

Mume wake anaomba mambo yamalizwe nyumbani. Amekataa, kwa sababu uongo haukusemwa nyumbani. Kwa kamati hakuomba msamaha. Ameomba kitu kimoja: kumbukumbu za ruta ya mpakani zifunguliwe mbele ya wote, kwa maana huandika nani amebadili nini na saa ngapi. Wamekubali. Ni kesho, Jumatatu, saa nne.

Leo amenikabidhi bahasha yenye kumbukumbu za upande wetu, niibebe mimi. Ameibandika plasta. Inatoka zahanati, inakwenda kwa kamati. Viatu vyangu nimeshaving'arisha, na hii ni mara ya tatu naangalia saa.