Homa Isiyosikia Sindano ya Mbuzi

Nairobi hii hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliingia hapa na kandambili na darasa la nne la kule Machakos. Nikabeba ngozi mbichi kichwani mpaka mke wangu akakataa kunikaribia. Leo mimi ni mchinjaji, na nikiingia soko la mbuzi la Kiamaiko watu wananyamaza wasikie nitataja bei gani. Nyumba ya Donholm, mtaa wa watu wa ofisini, ni yangu, si ya kupanga. Nimeibiwa, nimepigwa pembe mbavuni, na kesho yake nikaenda kazini. Sasa mtu aje kuniambia habari ya homa?

Msimu huo homa ilikuwa imeshika Eastlands yote. Ukipita kule Tassia ulisikia kikohozi kila mlango. Mke wangu, Mwende, alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kufika hapo. Mbili zilikuwa zimetoka mapema. Kliniki walimwambia akae mbali na watu wanaokohoa, kwa sababu homa hii ikimpata mja mzito hushuka haraka mapafuni.

"Mzee, huko sokoni wanakohoa?" aliniuliza nikila.

"Wanaume hawakohoi. Wanasafisha koo."

Sokoni kwetu kuna desturi. Asubuhi, kabla bei haijatajwa, mama wa supu analeta supu ya kichwa yenye pilipili, na inanywewa kwa kikombe kimoja cha bati. Muuzaji anakunywa, mnunuzi anakunywa, ndipo biashara inaanza. Ukikataa, umesema hutaki kununua, au umesema mwenzako ni mchafu. Siku hiyo Guyo, rafiki yangu anayeleta mbuzi kutoka kaskazini, alikuwa na macho mekundu na kikohozi kikavu. Akanywa, akapangusa mdomo na kiganja, akanipa kikombe.

"Kunywa, bwana. Ama siku hizi wewe ni mtu wa Donholm?"

Watu wakacheka. Mimi nichekwe? Nilikunywa mpaka chini, nikaomba kingine.

Kesho kutwa yake nilikuwa napapasa mgongo wa beberu ilipokuja. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi mnadanganyika. Mafua ya kawaida huanza polepole: pua inawasha, unapiga chafya, unaendelea na shughuli zako. Hii ilinipata kama mtu aliyenivizia. Asubuhi nilikuwa mzima. Adhuhuri meno yanagongana na jua linawaka. Mifupa yote iliuma. Macho yaliuma nikiyageuza. Hata ngozi ya kichwa iliuma nikishika kofia. Nikatapika kando ya zizi. Guyo hakuwa amekuja sokoni, na sikujiuliza kwa nini.

Mtu mwenye akili angeenda nyumbani akalala chumba cha peke yake. Lakini mimi mbuzi wangu akikohoa humdunga sindano mwenyewe, na anapona. Ninayo chupa ya dawa ya mifugo. Nikapiga hesabu: mbuzi ana uzito huu, mimi nina uzito ule. Nikajidunga pajani nyuma ya lori, kisha nikaenda nyumbani, nikafunga madirisha kwa sababu ya baridi, nikalala kitanda kimoja na Mwende.

"Umejidunga nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Nikasukuma ile chupa chini ya mto, akaiona.

"Ya mbuzi? Nimeolewa na beberu?"

"Utaniona kesho."

Kesho akaniona. Jasho lilikuwa limelowesha godoro, mkojo una rangi ya chai ya rangi, paja limevimba na kuwaka moto. Alinipangusa, akanishikia beseni nikikohoa usoni pake. Homa yenyewe ilipoanza kuniachilia, nikaanza kujisifu kwamba sindano imefanya kazi. Jioni ile ile Mwende akaanza kutetemeka.

Alipofika mahali pa kupumua kama mtu anayekimbia, na amelala, midomo yake ikabadilika rangi. Jirani akatoa gari lake.

Hospitalini daktari alinitazama nikichechemea. "Mzee, wewe una nini?" Nikamweleza, tena kwa kifua.

"Homa hii inaletwa na virusi," akasema. "Dawa uliyojidunga haiui virusi, na ni ya mifugo. Homa haikuisikia. Lililoisikia ni paja lako." Akapasua jipu. Usaha ulijaa kibakuli, na mimi mchinjaji nikageuza uso.

"Na mke wangu?"

"Mapafu yameshikwa. Tumemwekea oksijeni. Mtoto bado anacheza, lakini siwezi kukuahidi kitu."

Maisha yangu yote nimepatana bei na watu. Pale kwenye benchi sikuwa na mtu wa kupatana naye.

Mungu alitusikia. Mwende alipoondolewa ile mipira ya puani, neno lake la kwanza lilikuwa: "Amenipiga teke." La pili, maana nilikuwa nimemsimulia habari ya supu: "Nunua kikombe chako." Binti yetu Mumbua alizaliwa wakati wake ulipotimia, mzima, mwenye sauti ya kunifikia mpaka sokoni. Nawashukuru wauguzi, na jirani yangu ambaye hata pesa ya petroli alikataa.

Kinachoniudhi ni nyinyi wenzangu wa sokoni. Kikombe bado kinazunguka! Nikitoa changu mfukoni mnapiga kelele, "Mtu wa Donholm ameleta sahani pia?" Ni Guyo peke yake asiyecheka. Naye aliugua, akarudi mifupa mitupu, na sasa analeta chake. Ukishikwa ghafla namna ile, usije sokoni. Lala, fungua dirisha, kunywa maji mengi, kohoa ndani ya kitambaa, nawa mikono kwa sabuni. Mwenye mimba, mtoto mchanga au mzee nyumbani asikukaribie. Ukikosa pumzi, kimbia hospitali. Na sindano ya mbuzi mwachie mbuzi.

Kikombe cha bati pale Kiamaiko ni shilingi arobaini. Hospitali ilinitoza elfu thelathini na moja mia sita kabla sijakinunua. Kwa hivyo kikombe changu, mnachokicheka kila asubuhi, ni cha shilingi elfu thelathini na moja, mia sita na arobaini.