Mama Sabuni na Dawa Inayojua Njia

Maabara nzima ilimwita Mama Sabuni, na jina hilo alilipata kwa kosa lake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa. Mwanamke aliyezoea kusugua masufuria hadi yang'ae, alizipiga chupa povu zito, akazisuuza juujuu. Ndani ya chupa hizo watafiti wakatengeneza vifuko vyao vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, vya kubebea dawa ya saratani hadi kwenye uvimbe. Sabuni iliyobaki ikaviyeyusha vyote, kama inavyokata mafuta ya sahani.

"Kazi ikiharibika tena, mama, tutaagana," mkuu wa maabara alimwambia.

Safari hii alisuuza hadi vidole vikakunjamana. Kibarua alikihitaji, ndiyo, lakini kulikuwa na jingine lililomkaa rohoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua saratani. Dawa aliyotundikiwa ilimpiga mwili mzima bila kuchagua: uvimbe ulikwisha, na nywele, kucha na ladha ya chakula vikaondoka nao. Mume alikitazama kichwa kile kitupu, akafunga mizigo. "Sikuoa maiti mimi," alisema akiwa mlangoni, akaenda kwa mwenye nywele za kufika mabegani.

Siku ya kuvijaribu vifuko vipya, mtafiti mmoja, binti wa rika la mwanawe, alimwita kwenye chumba cha picha.

"Njoo, Mama Sabuni. Leo tutajua kama uliosha au ulipika."

"Nikipika wewe utakula, mwembamba hivyo?"

Panya mweupe, mwenye uvimbe pajani, alikuwa amelazwa usingizi. Vifuko alivyodungwa vilitiwa rangi inayong'aa, na juu yake vilibandikwa kitu kinachonasa kwenye uvimbe. Taa zikazimwa. Kioo cha kuonyeshea picha kikabaki cheusi. Kisha pajani, penye uvimbe, pakawaka nukta ya kijani, na nyingine hafifu tumboni.

"Na hapa tumboni?" Mama Sabuni aliuliza.

"Ini. Bado linatuibia dawa kidogo."

"Manyoya je?"

"Hayajaguswa, mama."

Mama Sabuni alipigwa na butwaa. Kitu kisicho na jicho wala akili kimezunguka mwili mzima, kikaenda kubisha hodi pale penye ugonjwa. Mume wake, na macho yake mawili, alishindwa kutenganisha ugonjwa na mke.

"Chupa zilikuwa safi," mkuu alisema nyuma yake. "Kesho uje kazini."

Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa chini ya kitambaa cha kichwa, pale ambapo nywele hazikurudi.

"Iwashe tena ile nukta, mwanangu," alimwambia binti. "Nione tena."