Majina Matano Mfukoni mwa Waziri

Pale wizara ya mambo ya nje walimwita Bi Nukta, wala hakununa. Miaka ishirini na sita alichapa hotuba za mawaziri, na hakuna nukta iliyomponyoka. Nchi ilipokuwa changa, hotuba zilijaa haki na utu, maana hakukuwa na kingine cha kujivunia. Siku hizi ina viwanda, na viwanda vinataka gesi ya jirani.

Ndipo, katika hotuba ya Waziri ya safari ya kwenda kwa jirani kutia saini mkataba wa gesi, ikaja sentensi moja, ikiomba walimu watano waliofungwa na huyo jirani waachiwe. Mkurugenzi wa haki za binadamu, Bwana Haki kwa jina la ofisini, aliiandika kwa wino wa kijani. Mkurugenzi wa biashara, Bwana Gesi, akaikata kwa mwekundu. Ikarudi, ikakatwa. Mara saba! Bi Nukta akawa anaichapa na kuifuta huku roho ikimuuma, kwani baba yake mwenyewe aliwahi kutoka kifungoni baada ya nchi ya mbali kumtaja kwenye hotuba.

"Mkono mtupu haulambwi, dada yangu," Bwana Gesi alimwambia. "Gesi ikikatika, utapikia hotuba?"

"Na ungekuwa wewe uko ndani, kaka, ungetajwa na nani?"

Asubuhi ya safari Waziri akaja mwenyewe kwenye chumba cha Bi Nukta cha kuchapia. "Mama, ifute. Tunakwenda kutia saini, hatuendi kugombana."

Akaifuta. Kisha akafanya jambo ambalo si kazi ya mchapaji: akachukua karatasi tupu, akachapa majina matano, akaikunja.

"Haya, Mheshimiwa mwanangu, tia mfukoni. Usimsomee mwenyeji wako mbele za watu. Mpe mkinywa chai, kabla hujatia saini. Na yeye anataka kuuza, ati!"

Waziri akacheka mpaka machozi yakamtoka, lakini karatasi akaipokea.

Wiki ya pili baada ya safari, walimu watatu wakaachiwa. Korido ikajaa vicheko. Bwana Haki akasema haki imeshinda, Bwana Gesi akasema ni gesi. Bi Nukta akaingia stoo, akalia kwa furaha, akanawa uso, akarudi kuchapa majina mawili yaliyobaki.

Aliyeifuata karatasi hiyo alikuwa Bwana Gesi.

"Ijumaa tunazungumza nao bei ya gesi," alisema. "Nipe, nitakwenda nayo mimi."